Mwili Mzima wa Immakulata

Jumapili ile, baada ya misa ya pili, Immakulata alisogeza ebitoke pembeni akala maharage peke yake. Kosa lenyewe ndilo hilo. Hakutukana mtu, hakuiba, hakulala nje. Aliacha ndizi zilizopikwa na mama mkwe wake, ndizi za kibanja cha ukoo, mbele ya mumewe na mbele ya mama mkwe mwenyewe. Kwa watu wa Izigo hapo hakuna cha kueleza zaidi. Mtu anayekaa kwako halafu hagusi ebitoke vyako ana jambo moja tu kichwani: anadhani umemwekea kitu.

"Mbona huli?" mama mkwe, Anatolia, akauliza.

"Nakula, Mae. Nakula maharage."

"Maharage ni kitoweo. Mimi nakuuliza chakula."

"Dokta amenikataza ndizi. Siku tisini."

Anatolia alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, mwanamke wa jumuiya ndogondogo, na tangu azaliwe hajapata kusikia ugonjwa unaokatazwa ndizi. Alimgeukia mwanawe. Wilbert alikuwa mwalimu wa hesabu, darasa la saba, na habari yote aliijua, kwa sababu yeye ndiye aliyempeleka mkewe kwa huyo dokta. Angetamka maneno kumi tu, mambo yangeisha palepale. Lakini Wilbert ni mtu wa kumeza tonge kwanza. Akameza, akanywa maji, akasema chakula kimeiva vizuri.

Dokta mwenyewe aliitwa Johnson, na udokta wake ulikuwa umeandikwa mlangoni, si mahali pengine popote. Kabla ya hapo aliuza simu. Sasa alikuwa na chumba ghorofani mjini Bukoba, chenye kapeti na feni, na bango lililosema AFYA TIMILIFU: TIBA YA KILA MWANAMKE KIPEKEE, MWILI MZIMA. Wilbert aliliona tangazo kwenye simu akalipenda. Siku moja kabla ya Jumapili ile ya ebitoke, alimpeleka Immakulata huko wakiwa na laki tatu na nusu za kahawa, kahawa aliyoichuma Immakulata kwa mikono yake.

Uchunguzi wa mwili mzima ulichukua dakika moja. Immakulata alishikishwa kipande cha chuma chenye waya, kompyuta ikalia, printa ikatema kurasa kumi na nne. Ini lilikuwa humo, figo, macho, ubongo, magoti, na kila kimoja kilikuwa na kasoro. Johnson hakumuuliza anafanya kazi gani, analala vipi, wala mara ya mwisho kuziona siku zake ilikuwa lini. Alimtazama kidevu tu. Halafu akazungumza na Wilbert, kama fundi anayezungumza na mwenye pikipiki.

"Mkeo homoni za kiume zimemzidi. Hizo ndevu si unaziona?"

Wilbert akacheka. Kidogo tu, cheko la adabu, lakini alicheka, na Immakulata akavuta mtandio akafunika kidevu, akabaki hivyo hadi mwisho.

Kisha wakapewa Mpango Binafsi. Jina la Immakulata lilikuwa limeandikwa kwa kalamu juu ya wino mweupe wa kufutia, na chini ya wino huo, ukiuelekeza mwangani, ungesoma Edvina. Mpango ulimtaka ale shayiri ya kopo asubuhi, mafuta ya zeituni, lozi, na samaki wa salmoni mara mbili kwa wiki. Mwanamke ambaye sato wa ziwani anapitishwa mlangoni kwake kwa baiskeli, aagize samaki wa Ulaya! Akimbie nusu saa juu ya mashine ya mazoezi. Anywe chai ya kusafisha kizazi, pakiti sita, zipo hapahapa. Na asiguse ndizi ya aina yoyote.

"Dokta," Immakulata akasema, "kwetu chakula ni ndizi. Nitakula nini?"

"Mama, wewe unataka mtoto au unataka ndizi?"

Alikuwa ameolewa miaka sita. Alipokea pakiti zake.

Jumatatu Anatolia alipika tena. Alipopakua, alimega kwenye fungu la Immakulata, akatia mdomoni, akatafuna taratibu, akameza, halafu akaachama ili kila mtu aone kooni hamna kilichobaki.

"Umeona? Mimi sijafa. Kula."

"Waitu, Mae," akasema kwa heshima, "sikuogopi. Ni masharti ya dawa."

"Dawa gani inayokataza mikono yangu?"

Jumanne vivyo hivyo. Jumatano mama mtu mzima akaonja mara tatu, akalia, akavaa kitenge akaenda kwa shemeji yake, Mzee Rutashobya, mkubwa wa ukoo. Rutashobya alikuwa mstaafu asiye na mazao ya maana wala mifugo, na vikao ndivyo vilivyobaki kuwa kazi yake. Alisikiliza kwa furaha aliyojitahidi kuificha. Akaamua hapohapo: Jumamosi ukoo ukutane, na mke wa Wilbert ale ebitoke mbele ya watu. Asipokula, arudi kwao Kishanda akapikiwe na mama yake.

Habari ilifika senta kabla ya Immakulata mwenyewe. Alikuwa na cherehani yake barazani pa duka la Twaibu, na Alhamisi asubuhi mteja wa kwanza, Ephrasia, alikuja kuchukua kitambaa chake kikiwa bado hakijakatwa.

"Si kwamba nina neno," Ephrasia alisema huku akikikunja haraka haraka. "Nitashonesha baadaye kidogo."

"Ulikuwa na haraka ya harusi."

"Harusi imesogezwa."

Harusi haikusogezwa. Ephrasia aliogopa tu kushonewa gauni na mwanamke aliyemwita Anatolia mchawi, maana Anatolia ndiye mama yake wa ubatizo. Hadi saa tano watatu wengine walikuwa wamechukua vitambaa vyao. Immakulata akaendelea na kazi iliyobaki. Kwa siku tano alikuwa ameishi kwa maharage matupu na chai ya Johnson, ambayo kweli ilisafisha, ila si kizazi. Macho yakaingia giza, sindano ikamtoboa kidole, akaja kushtukia amekalishwa sakafuni na Twaibu anampepea kwa kifuniko cha boksi.

Hakurudi nyumbani. Alijifunga kidole kitambaa, akapanda gari la kwenda Muleba, kwenye hospitali ya serikali.

Chumba cha tabibu Agnetha hakikuwa na kapeti wala feni, na mlango wake haukufunga sawasawa, hivyo waliokaa kwenye foleni walisikia kila kitu. Agnetha alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye chupa ya chai aliyoisahau tangu asubuhi. Alizipitia kurasa kumi na nne kwa namna mtu anavyopitia barua ya mdaiwa mwongo.

"Ubongo wako una upungufu wa madini," akasoma. "Hata wangu. Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

"Novemba."

"Leo ni Julai. Kurasa zote hizi zimesema nini kuhusu Novemba?"

"Hazijasema."

"Haya, Immakulata, tuanze sisi. Kabla ya huyu bwana, ulikuwa unakula vipande vingapi vya ebitoke kwa mlo mmoja?"

"Sikuhesabu. Labda kumi na viwili. Mae anapenda mtu ashibe."

"Chai?"

"Vijiko vinne."

"Cherehani unaikalia tangu saa ngapi?"

"Saa mbili mpaka kumi na moja."

"Halafu nyumbani kwa miguu?"

"Kwa bodaboda. Kwa miguu ni nusu saa."

"Kwenu nani ana sukari?"

"Mama. Na shangazi yangu mmoja."

"Usiku unalala?"

Hapo Immakulata akaanza kulia. Kwa miaka sita watu walikuwa wamemuuliza jambo moja tu, tena walimuuliza kwa kumtazama tumbo. Hakuna aliyetaka kujua kama analala.

"Lia, hakuna shida," Agnetha akasema. "Lakini mkono mmoja nipe, nipime presha."

Alimpima presha, akampima uzito, akamzungushia utepe kiunoni, akamtuma maabara kwa sukari na mkojo wa mimba, kisha akampeleka kwenye picha ya ultrasaundi. Foleni ikanung'unika. Agnetha akafungua ule mlango mbovu akawaambia zamu yao ikifika nao watataka kusikilizwa, kwa hiyo watulie. Saa tisa alasiri majibu yakawa mezani.

"Inaitwa PCOS. Mayai yako yanaanza kukua, yanakwama njiani, na siku zinapotea. Ndevu ni hiyohiyo. Uzito ni huohuo, na sukari yako imeanza kupanda, ingawa hujafika kwenye ugonjwa. Hujalogwa, na hukujiletea."

"Nitazaa?"

"Wengi wanazaa, wengine kwa kusaidiwa na dawa. Sikuahidi, maana mimi siuzi kitu. Ila nisikilize. Ukikaa miezi minane bila damu, ukuta wa ndani wa kizazi unazidi kunenepa, na huko mbele ni hatari. Huu ugonjwa ni wa mwili wako wote, na ni wako uzae usizae. Kwa hiyo tunakutibu wewe. Mtoto akija, atamkuta mama mzima."

Kisha akapindua ukurasa mmoja wa Johnson, na mgongoni mwake, uliokuwa mtupu, akaandika. Ebitoke vipande vinne, visiachwe. Maharage mengi, mboga za majani, sato au dagaa. Chai bila sukari. Kurudi nyumbani kwa miguu. Kila saa moja ainuke kwenye cherehani. Vidonge hivi kila siku pamoja na chakula, hivi vingine siku kumi ili damu ishuke, na arudi baada ya mwezi. Ndevu anyoe tu, haziongezeki kwa kunyolewa, huo ni uongo wa saluni.

"Na mumeo amepimwa?"

"Anasema yeye ni mzima."

"Amejuaje?"

Agnetha akaandika na barua, hii ya Wilbert, akaitia kwenye bahasha.

Jumamosi saa nne ukoo ukajaa sebuleni kwa Anatolia, wanaume kumi na mmoja na wanawake wanne, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Mzee Rutashobya alifungua kwa sala ndefu. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikapitishwa, kila mtu akachukua punje zake, na kilipofika kwa Immakulata kikaruka kikaenda kwa jirani yake. Alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango wa jikoni. Kijana wa ukoo, Rwegasira, alikuwa na daftari la kumbukumbu na kalamu mbili.

Kwa saa mbili walimjadili. Mmoja alisema amenenepa na mwanamke mnene mafuta hufunga njia. Mwingine alitaka kujua kama ni kweli ana ndevu, na mwanamke mmoja, shangazi yake Wilbert, akathibitisha kwamba ni kweli, amezihesabu kanisani. Wakajadili miezi yake. Wakajadili matiti. Rwegasira akauliza neno "hedhi" linaandikwaje. Hakuna kiungo kilichosahaulika, na kama ni huduma ya mwili mzima, siku hiyo Immakulata aliipata. Wilbert alikaa kwenye kiti chenye mto, akatafuna kahawa.

"Chakula kiletwe," Rutashobya akasema.

Anatolia akaleta mwenyewe. Alikuwa amerundika ebitoke kwenye jani mpaka vinataka kuanguka, vya moto, na maharage pembeni. Akaonja kwanza, mbele ya wote. Tuseme haki: yeye hakuwa anaigiza. Alikuwa mama aliyeamini ameitwa mchawi nyumbani kwake.

Immakulata akanawa. Akahesabu vipande vinne, akavisogeza upande wake, akasogeza na maharage yote. Akala. Alikuwa na njaa ya siku nyingi, na ebitoke vya Anatolia, masengenyo yote ukiyaweka kando, vilikuwa vitamu. Watu wakamtazama akitafuna kama wanangojea aanguke.

"Nimemaliza," akasema.

"Na hivyo vingine?" Rutashobya akauliza.

"Hivyo si kipimo changu, Tata. Dokta wa Muleba ameniandikia vinne. Mae, sikuwahi kukuogopa wewe. Tulienda Bukoba kwa mtu mwongo, akanikataza ndizi, nikamwamini kwa sababu aliniambia nichague ndizi au mtoto. Nisamehe kwa aibu niliyokutia. Na Wilbert alikuwepo. Wilbert alijua tangu Jumapili."

Vichwa vyote vikageukia kiti chenye mto.

"Ni kweli, Wilbert?" Anatolia akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wiki nzima naonja chakula kama mwizi, na wewe unajua?"

"Mama, tulipotoshwa."

"Na nani?"

"Na mtandao," akasema mwalimu wa hesabu.

Hata Rwegasira aliona aibu kuliandika. Immakulata akatoa bahasha mtandioni, akaipeleka kwa mikono miwili mbele ya Rutashobya, huku amepiga goti kama inavyotakiwa.

"Waitu Tata, dokta anamwita na Wilbert. Anataka naye apimwe mbegu."

Mzee aliirudisha haraka kana kwamba imetoka kwenye makaa.

"Mambo ya mwili wa mwanaume," akasema, "hayazungumzwi kikaoni."

Akakohoa, akatoa uamuzi. Mke wa Wilbert ameonekana hana hatia ya kumshuku mama mkwe. Hata hivyo, ukoo unampa mpaka Krismasi awe amepata mimba, la sivyo Wilbert atatafutiwa mwingine. Rwegasira akaandika, akapigia mstari. Kisha wakala vile ebitoke vilivyobaki.

Kuanzia hapo watu wa Izigo walipata kitu kipya cha kucheka, yaani mke wa mwalimu anayerudi nyumbani kwa miguu kila jioni kana kwamba amefilisika. Waendesha bodaboda walimpigia honi. Immakulata akatembea. Wateja walirudi mmoja mmoja, Ephrasia akiwa wa mwisho, kwa sababu fundi mwingine alimshonea mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mezani Anatolia alimpakulia vipande vinne, na kila mara alikisimamisha cha tano hewani kidogo kabla ya kukirudisha kwenye sufuria.

Wilbert alikuwa anatafuta siku ya kwenda kupimwa. Agosti alikuwa na mitihani ya majaribio, Septemba mtihani wa taifa, Oktoba kikohozi. Bahasha alikuwa ameiweka ndani ya kitabu cha hesabu, na kitabu amekifungia kabatini shuleni. Immakulata alikumbusha mara tatu, kisha akaacha kukumbusha. Kila mwezi alikwenda Muleba peke yake. Alianza kulala usiku mzima. Mara mbili damu ililetwa na vidonge, na Agnetha akamwambia sasa waviache hivyo, wangoje waone mwili utasema nini wenyewe.

Mwili ulinyamaza Oktoba, ukanyamaza Novemba. Juma la pili la Desemba, Jumamosi asubuhi, ukasema. Damu ilikuja bila kidonge. Immakulata aliamka na maumivu ya kiuno ya zamani, yale aliyoyachukia alipokuwa msichana wa shule Kishanda, akaketi kitandani akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Wilbert alikuwa ameshatoka kwenda kunyoa. Immakulata alifua shuka, na doa la damu halikutoka lote. Akalianika uani, kwenye kamba inayoonekana barabarani.

Anatolia alitoka jikoni na jembe, akaliona, akasimama. Alikuwa ameishi na hesabu ya Krismasi muda wote huo, na doa lile alilisoma upesi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Basi tena."

"Usinipe pole, Mae. Imekuja yenyewe, bila dawa. Ni mara ya kwanza tangu Novemba ya mwaka jana. Nipe hongera."

Anatolia hakuelewa. Wilbert akaingia getini, kidevu kinang'aa, akaangalia shuka, akawaangalia wanawake wawili.

"Kwa hiyo hakuna mtu?" akauliza.

"Yupo," Immakulata akasema. "Mimi."

Wilbert akatazama barabarani. Kulikuwa na akina mama wawili wanapita na mikungu kichwani, na mmoja alikuwa amegeuza macho.

"Na Mzee Rutashobya atakapokuja na daftari lake?"

"Aje. Nitamuuliza majibu yako."

Mwalimu akapata la kusema, na kama kawaida lilikuwa dogo.

"Angalau hilo shuka liingizwe ndani. Mama, mwambie. Watu wanapita."

Anatolia alikuwa bado ameshika jembe. Kabla ya kumzaa huyu Wilbert alikaa miaka tisa bila mtoto, na kila mwezi kwa miaka tisa alikausha vitambaa vyake chini ya kitanda, vikanuka uvundo, ili mama mkwe wake asivione. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Aliweka jembe chini, akaenda kwenye kamba, akashika shuka kwa ncha zake mbili akaligeuza, doa likaelekea barabarani.

"Upande huu ndio wenye jua," akasema.

"Mama, watu!"

"Wapite."